Vikapu Vilivyoachwa Wazi

Wilai: Haloo... haloo, baba mdogo? Unanipata?

Khampan: Nani mwenzangu? Ongea kwa nguvu, huku mtandao unakatakata.

Wilai: Ni mimi, Wilai.

Khampan: Wilai yupi?

Wilai: Kwani una akina Wilai wangapi? Wilai wa vikapu.

Khampan: Ahaa, mama vikapu. Ngoja nitoke nje, humu kwenye kinu cha kukoboa mpunga mabati yanakula— [mkwaruzo] —haya, sasa. Umekula?

Wilai: Shikamoo kwanza.

Khampan: Marahaba. Umekula?

Wilai: Sijala na sina hamu. Wenzangu ndio wanakula. Tumesimama njiani kwenye kuku wa kuchoma, majaji wote watatu wa maonyesho wamekaa na kuku wao, profesa kaagiza sahani ya pili ya kachumbari ya papai. Mimi nimejificha huku nyuma ya choo nikupigie.

Khampan: Rudi ukale. Mtu hagombani na dunia kwa tumbo tupu.

Wilai: Nisikilize, salio langu dogo. Saa nane kamili tutakuwa hapo. Saa moja tu kutoka sasa. Niambie neno moja niweze kumeza mate. Vikapu viko sawa?

Khampan: Viko.

Wilai: Viko vipi?

Khampan: Vinaning'inia. Hakuna hata kimoja kilichoanguka. Kamba ulifunga, lazima nikusifu. Na upepo wa juzi ule—

Wilai: Sijauliza kuanguka. Viko wazi?

Khampan: Leo joto huku, sijui huko kwenu.

Wilai: Baba mdogo, nimekuachia vikapu vya wali mia nne na kumi na viwili, vyote wazi, kila kifuniko kinaning'inia pembeni kwa uzi wake. Nimekuweka mlinzi. Kazi yako ilikuwa moja, visiguswe. Nakuuliza, viko wazi?

Khampan: Vipo vilivyo wazi.

Wilai: Na vilivyofungwa?

Khampan: Vipo pia.

Wilai: Vingapi?

Khampan: Kama thelathini hivi.

Wilai: Jana ulisema kumi.

Khampan: Jana ilikuwa jana.

Wilai: Yaani mnanitafutia nini nyinyi watu? Siku kumi nzima. Nikifungua, mnafunga. Jumapili nimepanda ngazi mwenyewe, nimefungua mpaka shingo ikagoma kugeuka. Nikarudi mjini, nikaoga, asubuhi ukanipigia, "Wilai, vimefungwa vitano." Sasa thelathini. Nani anafunga?

Khampan: Watu.

Wilai: Watu wana majina.

Khampan: Kuna bibi yake Chanthra, alikuja alfajiri na mpini wa fagio. Mwanamke ana miaka themanini na moja, magoti hayakunji, ila fagio analirusha kama— sikuwa na la kumfanya. Angekuwa mwizi ningemkamata, lakini bibi anayemfungia mjukuu wake kikapu, nimshike wapi?

Wilai: Ungemwambia ni kazi ya sanaa.

Khampan: Nilimwambia. Akaniuliza sanaa ndiyo itakayokwenda kumrudisha Chanthra kwa mumewe.

Wilai: Chanthra hajaachika. Yuko Bangkok anashona mashati.

Khampan: Ndiyo hivyo, bibi hataki aachike. Wewe ni mtoto wa huku huku, Wilai. Usinifanye nikufundishe kama mtalii. Kikapu cha wali ukishakula unakifunika. Ukikiacha wazi, mke na mume wanaachana. Hilo hata mbwa wa kijiji hiki anajua.

Wilai: Na mimi najua. Mama mdogo alinipiga makofi kwa kifuniko tangu nina miaka minne. Ndiyo maana nikaviacha wazi.

Khampan: Makusudi?

Wilai: Makusudi. Ndiyo kazi yenyewe. Watu mia nne na kumi na wawili wameinuka kwenye mkeka wakaenda Bangkok, wakaenda Korea, wakaenda Taiwan, hawakurudi kumalizia wali wao. Kijiji kizima kimeachwa wazi. Mtu akiingia kinuni, akainua macho, akaviona vyote vimeachama juu yake, vinafanana, hakuna anachoweza kusema— nilitaka apate baridi mgongoni.

Khampan: Baridi wameipata. Ndiyo maana wanafunga.

Wilai: Wageni ndio waipate! Si nyinyi.

Khampan: Sasa wageni watapataje baridi kwa kikapu cha Prasit, kijana wetu aliyeko Bangkok? Ngoja nikwambie kosa lako, na usininunie. Ungenunua vikapu vipya dukani, ukatundika hata elfu mbili, hakuna ambaye angepoteza usingizi. Lakini wewe uliingia jikoni kwa watu. Ukachukua kikapu cha mtu mwenyewe, alichokuwa akilia wali siku zote, kina alama za meno ya panya wa kwao. Ukakiandika jina lake. Halafu ukakitundika wazi mchana kweupe.

Wilai: Niliomba ruhusa. Mkutano wa kijiji ulikaa, mwenyekiti akauliza nani anapinga, hakuna aliyenyoosha mkono.

Khampan: Ulituambia vitakuwa vitupu. Tukaona sawa, mwenyewe hayupo, atakula nani. Vifuniko hukuvitaja kabisa.

Wilai: Kwa sababu ningevitaja mngekataa.

Khampan: Haya. Hilo umelisema mwenyewe.

Wilai: [mkwaruzo] —wananiita. Ngoja. [kwa mbali] Nakuja, profesa! Naongea na nyumbani! ... Baba mdogo, huyu profesa unajua alisema nini kuhusu kazi yangu mwaka juzi? Ile ya mafagio mia tisa kwenye stesheni iliyofungwa?

Khampan: Ile niliipenda. Siku ya mwisho kila mtu alikwenda kwao na fagio.

Wilai: Alisema inafaa kupamba mapokezi ya hoteli. Mbele ya watu. Nikaenda nyumbani nikalala siku mbili. Safari hii nimeacha kazi shuleni, baba mdogo, nimemwambia mwalimu mkuu sirudi. Leo wakiona vikapu viko wazi, naingia kwenye maonyesho makubwa. Wakivikuta vimefungwa, ni ghala la vikapu. Ni duka. Sina pa kurudi.

Khampan: Shuleni wangekupokea tu.

Wilai: Sitaki wanipokee! Sauti gani hiyo?

Khampan: Ipi?

Wilai: Kuna watu wanacheka hapo nyuma yako.

Khampan: Ni redio.

Wilai: Redio haimwambii mtu apitishe chumvi. Baba mdogo, kinu kina kufuli.

Khampan: Kufuli lipo.

Wilai: Na ufunguo?

Khampan: Upo kwa mwenyekiti. Alikuja kuniomba kwa adabu. Na ngazi kaileta yeye, ile ndefu ya umeme.

Wilai: Kuna watu wangapi humo ndani sasa hivi?

Khampan: Arobaini. Hamsini. Wengine wamekuja na mikeka, kwa sababu foleni ya ngazi ilikuwa ndefu wakasikia njaa.

Wilai: Foleni.

Khampan: Wamekaa vizuri, hawajachafua. Nimewaambia mifupa ya samaki watoke nayo.

Wilai: Baba mdogo, vimefungwa vingapi? Kweli ya Mungu. Mficha uchi hazai.

Khampan: Mia... [mkwaruzo]

Wilai: Mia ngapi? Mia moja?

Khampan: Na zaidi.

Wilai: Mia mbili?

Khampan: Mwanangu, mimi macho yangu unayajua. Vilivyofungwa vinanichanganya, vimekuwa vingi. Ni rahisi kwangu kuhesabu vilivyo wazi.

Wilai: Hesabu basi vilivyo wazi!

Khampan: Hakuna haja ya kupiga kelele chooni, watu watakuelewa vibaya.

Wilai: Nalia, sipigi kelele.

Khampan: Usilie. Ulitaka watu waje kuiona kazi yako, wamekuja. Hao wa mjini wanakuja watatu tu.

Wilai: Hao watatu ndio wanaoamua! Hebu niambie kitu kimoja. Hii ilianzaje? Mimi Jumapili nimeondoka, kila mtu ananipungia mkono, mwenyekiti kanipa tikiti maji. Jumatatu asubuhi viko vitano vimefungwa. Nani alianza?

Khampan: Ni yule Malai, mke wa Prasit. Jumapili jioni kampigia Prasit Bangkok, simu haipatikani. Kapiga tena, haipatikani. Akatazama juu akakiona kikapu cha mumewe kimeachama. Akapanda.

Wilai: Kumbe Prasit kamwacha?

Khampan: Hapana, simu ilimtumbukia kwenye supu ya tambi. Lakini hilo tumelijua Jumatano, na Malai alishafunga. Na simu ilipokauka Prasit akapiga, sasa mtoe mtu kichwani kwamba kifuniko ndicho kilichokausha simu.

Wilai: Mungu wangu.

Khampan: Baada ya hapo basi. Na kuna vita ya mke wa Anon na mama mkwe wake, hiyo ndiyo imeleta watu wengi kuliko zote. Mama mkwe anafunga cha mwanawe. Mke anakuja anafungua. Mama anafunga. Mke anafungua.

Wilai: Kumbe yupo anayenisaidia.

Khampan: Hakusaidii wewe. Anataka kuachana. Anon yuko Korea mwaka wa tatu, na fundi wa pampu anapita sana kwao. Sasa leo mama mkwe kaleta kiti, kakaa chini ya kikapu tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mwavuli mkononi. Hakuna atakayekifungua hicho.

Wilai: Kwa hiyo Malai ndiye wa kwanza.

Khampan: Malai... Malai alikuwa wa pili.

Wilai: Wa kwanza nani?

Khampan: [mkwaruzo] —kata— [mkwaruzo] —sikupati vizuri.

Wilai: Unanipata. Huo mkwaruzo unaufanya wewe kwa mdomo. Ufunguo Jumapili ulikuwa nao nani? Ngazi ndogo ilikuwa kwa nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Baba mdogo, ni wewe.

Khampan: Nilifunga kimoja tu.

Wilai: Nilijua. Nilijua tangu mwanzo. Cha mama mdogo.

Khampan: Hapana. Chako.

Wilai: Changu?

Khampan: Si uliweka na chako humo? Kile cha utotoni, chenye ukili mwekundu. Umekiandika, "Wilai, kaenda mjini." Umekitundika mlangoni kabisa, nikipita na taa kinanitazama.

Wilai: Mimi sina mume, baba mdogo. Hakuna wa kuniacha.

Khampan: Ndiyo maana. Nikasema huyu hata hajaanza, aachwe kabla hajaolewa? Nikapanda, nikafunga. Nilijua wewe mwenyewe hutaona, kimoja katika mia nne. Sasa Malai alikuwa anapita na ndoo. Akaniona juu ya ngazi. Akaniambia, "Mzee, kumbe wako unamfungia, wetu je?" Hebu nipe wewe jibu ambalo ningempa.

Wilai: [anacheka, kisha kicheko kinakatika] Umeniua. Unanipenda halafu umeniua.

Khampan: Nisamehe, mama.

Wilai: Miaka miwili. Kila nyumba nimeingia nimekaa kwenye mkeka, nimesikiliza habari za mtoto aliyeondoka mpaka zimeisha. Vikapu mia nne na kumi na viwili. Nikavitundika kwa mstari mmoja, urefu mmoja, nimepima kwa kamba, hakuna hata kimoja kinachomzidi mwenzake. Halafu mtu wangu mwenyewe ananiharibia kwa huruma.

Khampan: Sema unachotaka nifanye. Nitafanya.

Wilai: Kweli?

Khampan: Nimekosa, nitafanya.

Wilai: Watoe hao watu.

Khampan: Hilo siliwezi. Subiri... Mwenyekiti yupo hapa, anasema wataondoka wakishakula, ila anasema kila kikapu kina mwenyewe, na atakayefungua cha mwenzake atajibu kijijini. Anasema pia nikusalimie, na vikapu vimependeza.

Wilai: Mwambie ahsante. Hapana, usimwambie chochote. Sikiliza, nimepata njia. Walikuona wewe unafunga, wakafunga. Wakikuona unafungua, watafungua.

Khampan: Si rahisi hivyo.

Wilai: Ni rahisi. Panda ngazi sasa hivi, mbele yao wote. Ufungue cha mama mdogo. Mlinzi mwenyewe, cha mke wake mwenyewe, wao wakiangalia. Wakiona umeshuka mzima na dunia haikupasuka, watalegea. Hata mia wakifungua vinanitosha, wafungue vya mlangoni, profesa haendi mpaka ndani, miguu inamuuma.

Khampan: Cha Buppha?

Wilai: Cha mama mdogo Buppha, ndiyo. Miaka sita yuko Taiwan na bado mko pamoja. Nani mfano kuliko nyinyi?

Khampan: [kimya]

Wilai: Haloo?

Khampan: Nipo.

Wilai: Kiko karibu na lile tundu la paa, mstari wa—

Khampan: Ninakijua kilipo.

Wilai: Basi nenda kakifungue. Nakuomba. Nikija nitakupigia magoti.

Khampan: Hicho hakifunguliwi.

Wilai: Umesema utafanya chochote.

Khampan: Hakifunguliwi kwa sababu kiko wazi, mwanangu. Ndicho pekee. Uliniambia nihesabu vilivyo wazi, ndicho hicho kimoja.

Wilai: [mkwaruzo] Rudia?

Khampan: Wengine wote wamefunga. Kimebaki hicho.

Wilai: Kwa nini? Ngazi unayo wewe. Ufunguo ulikuwa nao wewe.

Khampan: Ulisema kazi yako isiguswe.

Wilai: Usinijibu hivyo. Changu ulikigusa. Baba mdogo, mama mdogo kapiga lini?

Khampan: Mwezi wa nne. Siku ya mwaka mpya, ya kumwagiana maji.

Wilai: Huu ni mwezi wa sita.

Khampan: Ndiyo.

Wilai: Alisemaje?

Khampan: Alisalimia. Akauliza kama mvua imeanza. Nikamwambia bado. Akasema ile pikipiki yake inaoza bure chini ya nyumba, niiuze.

Wilai: Pikipiki yake? Ile aliyokukataza hata kuipangusa?

Khampan: Hiyo hiyo.

Wilai: Na nini tena?

Khampan: Basi, mambo ya nyumba.

Wilai: Yapi?

Khampan: Nguo zake niwape watu. Cherehani nikupe wewe. Nilikuwa nangoja uje na gari, nimeifunika kwa shuka isiingie vumbi.

Wilai: Nguo zipi, za zamani?

Khampan: Zote.

Wilai: Na ile sketi ya hariri aliyoolewa nayo?

Khampan: Hakuitaja. Nimeiacha. Alikuwa na haraka, kuna mwanamume alikuwa anamwita wakale chakula. Alimwita vizuri tu. Kwa upole.

Wilai: Baba mdogo.

Khampan: Nakusikia.

Wilai: Mwezi wa tano nilikuja kwako. Nilikaa jikoni kwako, nikakuuliza habari za mama mdogo, ukasema hajambo.

Khampan: Si hajambo?

Wilai: Nikachukua kikapu chake msumarini.

Khampan: Hukuchukua. Nilikupa kwa mkono wangu.

Wilai: Mbona hukuniambia?

Khampan: Ulikuwa na vikapu vingi vya kubeba.

Wilai: [kimya kirefu]

Khampan: Wilai? Umekatika?

Wilai: Siku kumi unakaa humo. Usiku unalala chini yake.

Khampan: Nalala kule mlangoni. Kuna upepo.

Wilai: Na kila siku watu wanapanda na kushuka wanafunga, wewe umeshika ngazi.

Khampan: Lazima mtu aishike, sakafu ile inateleza.

Wilai: Hakuna aliyekuuliza?

Khampan: Malai alitaka kukifunga, juzi. Nikamwambia hicho kiacheni, mwenye kazi lazima aachiwe hata kimoja. Akanitazama, akashuka. Tangu hapo ananiletea supu.

Wilai: [honi kwa mbali] Nakuja! ... Nimewatundika watu kijiji kizima, baba mdogo, nikajiona nimewasikiliza. Kwa wengine nilikaa mpaka usiku. Kwako nilikaa dakika kumi.

Khampan: Mimi si mgeni wa kukaliwa.

Wilai: Kifunge.

Khampan: Nini?

Wilai: Cha mama mdogo. Kifunge.

Khampan: Tangu umepiga unataka vifunguliwe.

Wilai: Najua ninachotaka. Kifunge, baba mdogo.

Khampan: Na hao majaji?

Wilai: Niachie mimi.

Khampan: Na hivi vingine?

Wilai: Niachie mimi nimesema. Waache na mikeka yao. Panda tu, ukifunge.

Khampan: Nikifunge ili iwe nini? Aliyeondoka ameondoka. Mimi nimekubali, sina neno naye, miaka sita kulea wazee wa watu kwenye chumba kidogo si mchezo. Nikipanda sasa watu hamsini wananitazama, watasema mzee bado anangoja. Niache na heshima yangu.

Wilai: Wewe alikuaga.

Khampan: Kwa namna yake, ndiyo.

Wilai: Mimi hakuniaga. Nilikuwa na miaka mitatu mama alipokufa, yeye ndiye aliyenifundisha kushika wali kwa mkono. Kanipa cherehani kupitia kwako kama mtu anayegawa vitu vya marehemu. Kwa mume sawa, umeamua, ni mke wako. Lakini ni mama yangu, baba mdogo. Mimi sijakubali. Nifungie mimi. [mlio mfupi wa salio] Hiyo ni simu yangu, inakata. Wenzangu wameshapanda gari, wananipigia honi. Nifungie mimi. Sema utafanya.

Khampan: Haya.

Wilai: Sasa hivi, nikisikia.

Khampan: Haya, haya. Nimeiweka simu mfukoni mwa shati, usiongee haraka. [mlango wa bati] Jamani, nipisheni na hiyo ngazi. Nipisheni. Malai, shika hapa chini. ... Hapana, sina wazimu, shika. [pumzi] Wilai, bado upo?

Wilai: Nipo. Taratibu. Usiangalie—

Khampan: Nimeshafika. Ninacho. Kimejaa majani ya— [mkwaruzo] —ya shomoro, alishaanza kujenga. Ngoja nimtolee.

Wilai: Usimharakishe. Profesa, dakika moja tu, tafadhali! ... Baba mdogo, ukimaliza, mwambie Malai akupe—

[mlio mrefu]

Khampan: Anipe nini? ... Wilai, kuna shida ndogo. Kifuniko hakiingii. Kimekaa chini ya lile tundu siku kumi, kimenyeshewa kikavimba. Vile vingine viliwahi. ... Nakisukuma. Kinaingia upande huu, kinatoka upande ule. Haloo? ... Nikikiachia tu kinafunguka. Basi nitakishika kwa mkono, mwanangu, usiwe na wasiwasi, mkono hauniumi. Mwambie huyo profesa asishangae akinikuta huku juu. Haloo?